Herufi Mbili Zilizonirudisha Chuo

Kuna kazi ya kuandika makala niliyoomba mtandaoni wakati rent ilikuwa imenikaba. Fomu ilitaka nijieleze kwa Kiingereza, nami nikaandika ukweli: "I stopped to study in 2021." Nilimaanisha niliacha masomo, karo ilinishinda. Mhariri akanijibu akinipongeza kwa kusimamisha mambo mengine ili nisome. Kazi sikupata.

Herufi mbili tu, "to", zilikuwa zimegeuza maisha yangu juu chini. Ningeandika "I stopped studying", mambo yangekuwa wazi. Shuleni tulikariri orodha: "enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na "-ing", "want", "hope" na "decide" hufuatwa na "to". Ukiuliza kwa nini, unaambiwa Kiingereza ndivyo kilivyo. Kumbe hakijakuwa hivyo siku zote.

Miaka elfu moja iliyopita, kitenzi-jina cha Kiingereza kilijulikana kwa mwisho wake. Kunywa ilikuwa "drincan". Kulikuwa pia na umbo la pili, "to drincenne", na hapo "to" ilikuwa na maana yake ya kawaida ya kuelekea mahali. Yaani, kuelekea kunywa. Katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, miisho hiyo ilififia hadi ikapotea, na "to" ikazidi kushika nafasi. Vitenzi vichache kama "can" na "must" vilibaki na utaratibu wa kale, ndiyo maana hakuna anayesema "I can to swim".

"-ing" nayo ilitoka kwingine kabisa. Kazi yake ilikuwa kuunda nomino: kutoka "leornian", kujifunza, ukapata "leornung", elimu. Ilikuwa nomino kamili, kama sisi tunavyosema masomo au mapishi. Kuanzia karne ya 14 hivi, nomino hiyo ikaanza kujifanya kitenzi na kubeba yambwa bila usaidizi: si lazima tena "the reading of books", "reading books" yatosha. Mwaka 1762, mwanasarufi Robert Lowth bado alikuwa anajaribu kuweka mipaka: ukitia "the" mbele, tia "of" nyuma.

Basi maumbo mawili yasiyo na ukoo mmoja yakawa yanagombania vitenzi vilevile. Katika karne ya 18, waandishi walioheshimika waliandika "I remember to have seen him" bila wasiwasi. Mwanafunzi wa leo akiandika hivyo, kalamu nyekundu inamngoja. Anatakiwa aseme "I remember seeing him". Lakini "remember to lock the door" imebaki, kwa sababu mlango bado haujafungwa. Mara nyingi "to" bado inaelekea mbele, kama zamani. Si kila mara, maana "suggest" inazungumzia jambo lijalo na bado inataka "-ing". Hiyo ndiyo sehemu ya kukariri.

Sisi "ku-" inatufanyia kazi zote mbili. "Kusoma kwangu" ni nomino, "nataka kusoma" ni kitenzi, na hakuna anayegombana. Tukitaka kutofautisha, tunabadilisha sentensi yenyewe: niliacha kusoma, nilisimama ili nisome. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba "ku-" ni "to", nikaamini. Kosa langu lilikuwa na mantiki, ila mantiki ya lugha nyingine. Kwa miaka mingi nilidhani makosa kama hayo ni dalili kwamba chuo hakikuwa changu tangu mwanzo.

Juzi nimejaza fomu nyingine, ya chuo safari hii. Nimeandika: "I stopped studying in 2021. I hope to finish." Nimesoma sentensi zote mbili mara tatu kabla ya kutuma.