Divai, Umri na Nasaba

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Katika divai nyekundu za Ufaransa, msemo huo ulipata kuwa sheria, na sheria hiyo ikaja kupimwa kwa ulimi.

Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris yaliyoandaliwa chini ya Napoléon III, divai nyekundu za Bordeaux zilipangwa katika madaraja matano. Tangu hapo daraja likawa mfano wa nasaba: hurithiwa, wala halihojiwi. Mouton iliyowekwa daraja la pili ilingoja hadi mwaka 1973 kupandishwa la kwanza.

Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa akiuza divai Paris, aliwakalisha waonjaji tisa wa Kifaransa mbele ya divai zilizofichwa majina. Nyekundu zilikuwa kumi: nne za Bordeaux, sita za California. Iliyoshinda ni Stag's Leap ya 1973, zao la mizabibu iliyopandwa mwaka 1970. Mche wa miaka mitatu uliitangulia Mouton.

Watetezi wa Bordeaux walijibu kwamba divai yao haikuumbwa kunywewa ingali changa, ingojewe. Jibu hilo lilikuwa na hoja. Divai changa ya huko ina ukakasi unaotoka katika maganda na kokwa za zabibu. Miaka ipitapo, ukakasi huungana na rangi, ukatuama chini kuwa mashapo. Wekundu huelekea rangi ya tofali, na harufu ya tunda huwa ya majani makavu, ngozi na udongo. Lakini kilele hicho kina mteremko wake. Tunda likiisha kabla ya ukakasi, hubaki uchachu na ukavu mtupu, na mnywaji huwa anakunywa jina lililo kwenye karatasi ya chupa.

Basi zikangojewa. Tarehe 24 Mei 2006, miaka thelathini kamili baadaye, divai zile zile zilionjwa siku moja London na Napa. Ridge Monte Bello ya 1971, iliyokuwa ya tano mwaka 1976, ikawa ya kwanza. Nafasi tano za mwanzo zote zilichukuliwa na California. Mouton ya 1970 ikawa ya sita, Léoville Las Cases ya 1971 ya tisa. Ya mwisho, hata hivyo, ilikuwa Freemark Abbey, nayo ya California.

Nafasi hiyo ya kumi ina funzo sawa na ile ya kwanza. Uzee haukuwapendelea wageni wala haukuwaonea wenyeji. Ulikataa tu kuisoma orodha ya 1855. Subira ambayo Bordeaux iliiomba iwe shahidi wake ilikuja kutoa ushahidi, na haikumtambua aliyeiita.