Englebert ya 1967 na Mazembe ya 2009: nani mukubwa?

Kule Kasulo bazee wanasifu Englebert ya zamani, vijana wanajibu na makombe ya 2009, 2010 na 2015. Ni timu moja, TP Mazembe ya Lubumbashi, lakini sheria za mupira hazikuwa zile zile.

Finali ya Afrika 1967: Kumasi, Asante Kotoko na Englebert 1-1, Kinshasa, 2-2. Penalti za kuamua mshindi hazikuwepo, goli la ugenini halikuwa na uzito zaidi. Mechi ya tatu ikapangwa Kameruni, Kotoko hawakufika, kombe likabaki Kongo.

Mwaka 2009 Heartland ilishinda 2-1 kule Owerri, Nigeria. Lubumbashi, Mazembe 1-0. Jumla 2-2, na lile goli moja la Owerri ndilo lilileta kombe.

Sasa chukua sheria ya 2009, ipeleke 1967. Kotoko walifunga mawili ugenini, Englebert moja tu: kombe linaenda Ghana! Hapo bazee hunyamaza. Lakini vijana wasicheke: kwa sheria ya bazee, 2009 ingebaki mechi ya tatu.

Kombe la 1968, Étoile Filante ya Lomé ilikula 5-0 katika mechi ya kwanza ya finali. 2010, Espérance ya Tunis vilevile, 5-0. Hapo hakuna sheria ya kubishania.