Moshi wa Saranda: Historia Fupi ya Reli ya Kati Uwandani Dodoma

Kazi ya kujenga Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam Februari 1905. Desemba 1907 garimoshi likaingia Morogoro, na Dodoma tukalipokea mwaka 1910. Wajerumani ndio waliochora ramani, lakini tuta lilipandishwa kwa mikono ya watu wetu, Wanyamwezi wakiwa wengi mno miongoni mwao. Sisi tulioirithi njia hiyo hatuchoki kuwashukuru. Mataruma yalikuwa ya chuma, maana mchwa wa bara hawasazi mbao. Tabora ilifikiwa 1912, Kigoma Februari 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia reli hii mwaka 1916, madaraja yaliharibiwa. Yakatengenezwa, treni zikaendelea.

Fahari yetu ni enzi ya mvuke. Uwanda huu ni mkavu, na injini ya mvuke hunywa maji mengi kuliko kundi la ng'ombe wa Mgogo. Ndiyo sababu tulizithamini sana injini za klasi 30 zilizoundwa Glasgow mwaka 1955, zenye tangi kubwa la maji nyuma, zikapewa majina ya makabila. Aliyesafiri nazo hasahau kipande cha Saranda. Treni ilipita Bahi na Kintinku, chini katika Bonde la Ufa, kisha ikaukabili ukuta wa mawe wa bonde hilo. Dreva alifungua mvuke, faiamani hakubandua macho kwenye moto, na abiria wakanyamaza kuisikiliza ikihema kuelekea Manyoni. Na kuku wa kina mama wa Saranda! Mikono ilishuka dirishani, vyakula vikapanda. Masizi usoni hayakumuudhi mtu.

Baadaye, mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli Tanzania, na dizeli zikachukua nafasi ya mvuke. Juni 2002 ikatokea ajali ya treni ya Igandu, Mungu awarehemu wote waliofariki. Mwaka 2007 ukaja mkataba wa kuendesha reli na kampuni ya RITES ya India, kisha mafuriko ya Kilosa na Gulwe yakaharibu njia. Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kufika hadi Dodoma, kwenye reli mpya.

Klasi 30 moja, namba 3020, jina lake Nyaturu kwa heshima ya ndugu zetu wa Singida, imetunzwa Makumbusho ya Reli Nairobi. Mafundi wa huko, Mungu awabariki, waliifufua ikavuta tena treni za matembezi. Reli yetu ya zamani ina upana uleule wa mita 1 kama reli ya zamani ya Kenya. Tunawaomba wakubwa wa Shirika wazungumze na wenzao wa Kenya, Nyaturu aje walau msimu mmoja, apande Saranda na mabehewa ya wastaafu na watoto wa shule.