Majina Makubwa Barabara ya 11: Coastal Union na Msimu wa 2013

Mwezi Agosti 2013 mji wa Tanga ulikuwa na timu ambayo kwa miaka mingi haukuwa nayo: timu yenye fedha, yenye wachezaji wa majina, na yenye mashabiki waliokwisha kuuona ubingwa hata kabla ligi haijaanza. Kufikia Oktoba mashabiki wale wale walikuwa wamegawanyika, kila kundi likiwa na mkosaji wake. Ugomvi huo hauwezi kueleweka kwa kuutazama msimu huo peke yake. Inafaa kwanza tujue utajiri wa Tanga ulitoka wapi, ulikwenda wapi, na kwa nini uliporudi kidogo katika soka ulipokewa kwa matumaini makubwa kiasi kile.

Chanzo ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ulipoanza Tanga kuelekea bara. Kutokana na miche ile michache yalikua mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe na Pangani, na kutokana na mashamba hayo walikuja manamba kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, bandari ikapata shughuli, na mtaa wa Ngamiani wenye barabara za namba ukajaa watu. Mahali penye vibarua, makarani na mabaharia wengi, mpira haukawii kufika.

Ngamiani ndiko zilikojijenga klabu mbili kubwa za mji, African Sports na Coastal Union. Coastal ilianzishwa mwaka 1948 na maskani yake ni Barabara ya 11. Mahasimu wake wako jirani tu, mwendo wa dakika chache kwa baiskeli. Wapenzi wa Coastal hujiita Wagosi wa Kaya, wenyeji wenye nyumba, na jina hilo linaeleza vizuri namna wanavyoitazama timu yao. Kwao mchezaji anayetoka nje hupokewa kama mgeni, na mgeni, hata akipewa heshima zote, huangaliwa anavyokula na anavyokaa.

Ubingwa wa Tanzania Bara ulifika Barabara ya 11 mwaka 1988. Katika kikosi kile walikuwamo Juma Mgunda na Razak Yusuf aliyeitwa Careca, vijana waliojulikana mjini tangu wakicheza mitaani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila mjadala uliofuata umepimwa kwa kipimo cha 1988. Mzee aliyekuwapo Uwanja wa Mkwakwani wakati ule hakuwa na haja ya kusoma jedwali la ligi ili ajue kama timu ya leo ni nzuri. Aliilinganisha na ile.

Lakini uchumi uliokuwa nyuma ya soka la Tanga ulikuwa tayari umeanza kuporomoka. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa na mengine yakaachwa yakamezwa na magugu. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Mji uliokosa mishahara hukosa viingilio vya uwanjani na michango ya wanachama. Coastal ikashuka daraja, ikahangaika huko chini, na iliporudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2011/12 ilirudi katika ligi iliyobadilika. Azam FC, timu ya kampuni iliyojijengea uwanja wake Chamazi, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba fedha zikipangwa vizuri zinaweza kuwasogeza hata Simba na Yanga.

Hapo ndipo tunapofika 2013. Coastal ilikuwa na mfadhili, mfanyabiashara Nassor Bin Slum, na mwaka huo Azam TV ilianza kununua haki za kuonyesha ligi, kila klabu ikitengewa shilingi milioni 100 kwa msimu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Coastal iliweza kuingia sokoni na kuchagua. Ilimchukua kiungo Haruna Moshi, yaani Boban, aliyewahi kusajiliwa na Gefle ya Sweden, na beki wa kati Juma Nyoso. Wote wawili walikuwa wametoka Simba. Kiungo Mkenya Jerry Santo naye alikuwa amepita Simba. Golini alikuwapo Shaban Kado, aliyewahi kuidakia Yanga, na mbele akaletwa Mganda Yayo Kato. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, Mzanzibari anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco. Kwa ligi yenye timu 14 ambamo klabu nyingi za mikoani zilikuwa zikitafuta nauli ya mechi inayofuata, huu ulikuwa usajili wa kutisha.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko tunavyokumbuka, na jambo hili lazima lisemwe, kwa sababu kumbukumbu ya ugomvi imeufuta. Agosti 24 Coastal ilishinda 2-0 ugenini Arusha dhidi ya JKT Oljoro. Siku nne baadaye ilikutana na mabingwa watetezi Yanga pale Uwanja wa Taifa. Didier Kavumbagu aliipa Yanga bao, na dakika za mwisho Santo akasawazisha kwa penalti. Mtu angeweza kusema msimu umeanza: pointi nne katika mechi mbili za ugenini, moja yake mbele ya bingwa.

Kilichofuata ni sare. Hazikuwa vipigo vya aibu, ila sare moja juu ya nyingine, na nyingi hazikuwa na bao. Oktoba Simba ilikuja Mkwakwani, mechi ambayo mji mzima uliingoja, nayo ikaisha 0-0. Timu inayofungwa mara kwa mara humpa shabiki hasira iliyo wazi. Timu inayotoka sare humwacha na swali, kwa kuwa kila mechi inaonekana ilikuwa ya kushinda. Ndiyo maana mabishano ya Tanga mwaka ule yalikuwa marefu. Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, kikombe kikiwa mkononi na kashata juu ya kipande cha gazeti, hapakuwa na aliyekubali kwamba timu ni mbaya. Walibishana kuhusu nani anaizuia kuwa nzuri.

Maelezo ya kwanza, na yaliyosemwa kwa sauti kubwa zaidi, yalikuwa umri. “Mgosi, tumenunua miguu iliyochoka,” ndivyo kundi hili lilivyojenga hoja. Simba na Yanga, walisema, hawaachi mchezaji ambaye bado anafaa. Wanaotupa ni watu waliokwisha kushiba medali. Hoja hii ilikuwa na mvuto kwa sababu upande wa pili wa nchi ulikuwapo mfano wa kuiunga mkono. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilikuwa imepanda daraja msimu huo huo ikiwa na vijana wasiojulikana chini ya kocha Juma Mwambusi, na ilikuwa ikiwakimbiza wakubwa. Ilimaliza ya tatu, juu ya Simba. Shabiki wa Coastal aliyeona hivyo aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, fedha zimefanya kazi gani.

Hata hivyo hoja ya umri ina kasoro. Boban na Nyoso hawakuwa wazee. Wote walikuwa hawajafika miaka 30, na mwaka mmoja tu kabla walikuwamo katika Simba iliyotwaa ubingwa wa 2011/12. Ukongwe wao ulikuwa wa majina. Watu walikuwa wamewaona kwa miaka mingi katika jezi kubwa, wakawahesabia miaka ya umaarufu kana kwamba ni miaka ya kuzaliwa. Tena ndani ya kikosi hicho hicho walikuwamo vijana, na mmoja wao, beki Abdi Banda, alichukuliwa na Simba mwaka 2014 na baadaye akacheza Afrika Kusini.

Maelezo ya pili yalimwelekea kocha. Haya ndiyo yaliyopata nguvu ya kutekelezwa, kwa kuwa klabu haiwezi kubadilisha wachezaji katikati ya mzunguko lakini inaweza kubadilisha benchi la ufundi. Morocco aliondoka, na Mkenya Yusuf Chipo akachukua nafasi yake. Tukiangalia kwa macho ya leo, ni vigumu kusema kwamba tatizo lilikuwa uwezo wa Morocco, maana ni yeye aliyekuja kuiongoza Taifa Stars kufuzu AFCON ya 2025. Wala kubadilisha kocha katikati ya msimu si kosa peke yake. Azam iliachana na Stewart Hall msimu huo huo, ikamleta Joseph Omog, na ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja.

Tofauti ya Azam na Coastal ndiyo inayonivuta kwenye maelezo ya tatu, ambayo barazani yalisikika kidogo zaidi lakini nayaona kuwa ya kweli zaidi. Azam ilipobadilisha kocha, kila kitu kingine kilibaki mahali pake: uwanja wa mazoezi, mishahara, timu ya vijana, na wachezaji waliokwisha kuzoeana kwa misimu kadhaa. Coastal ilikuwa imenunua uti wa mgongo wa timu katika dirisha moja. Mabeki na kipa wenye uzoefu huelewana haraka, kwa sababu kazi yao ni kusoma hatari wanayoijua, na ndiyo maana Coastal haikuwa rahisi kufungika. Kufunga ni kazi nyingine. Kunahitaji kiungo ajue straika wake atakimbilia wapi kabla hajakimbia, na ujuzi huo huja kwa mazoezi ya miezi. Sare zile zilikuwa alama ya timu iliyokamilika nyuma na ambayo bado haijakutana mbele. Zaidi ya hapo, mfuko ulioibeba ulitegemea watu wachache, hivyo kila sare iligeuka kuwa mjadala wa fedha za mtu, na subira ikaisha mapema.

Wenye klabu walijaribu dawa iliyo karibu na pwani. Januari 2014 timu ilipelekwa kambini Oman, nchi ambako watu wa Tanga wana ndugu na jamaa, ili wachezaji wakae pamoja mbali na maneno ya mji. Matunda yalionekana kwa kiasi: Machi 23, 2014 Coastal iliifunga Simba 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Hamad Juma. Lakini jumla ya msimu ilibaki ile ile, sare nyingi kuliko ushindi, na timu iliyosajiliwa kwa ajili ya ubingwa ikamaliza mbali na timu nne za juu.

Msimu wa 2015/16 ulionyesha jinsi msingi ulivyokuwa mwembamba. Januari 30, 2016 Coastal iliifunga Yanga 2-0 Mkwakwani, na Aprili ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa 2-1 Dar es Salaam. Timu iliyoweza hayo ndiyo iliyoshika mkia wa ligi. Ilishuka pamoja na African Sports na Mgambo JKT, na mkoa uliokuwa na timu tatu Ligi Kuu ukabaki bila hata moja. Naona uchungu kuandika sentensi hiyo, na najua Tanga wapo wanaoona uchungu zaidi yangu.

Coastal ilirudi 2018 kwa njia tofauti. Chini ya Juma Mgunda, yule wa 1988, ilitegemea zaidi vijana, na Julai 2, 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha dhidi ya Yanga. Abdul Suleiman Sopu alifunga mabao yote matatu ya Coastal katika sare ya 3-3, kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Muda si mrefu Sopu akawa mchezaji wa Azam na Mgunda akaitwa Simba. Wale wa hoja ya umri walijiona wamethibitishwa.

Miaka miwili tu ikapita, hoja yao ikapata jaribio gumu. Msimu wa 2023/24, Coastal ya Mkenya David Ouma ilimaliza ya nne, nafasi iliyoirudisha kwenye mashindano ya Afrika, na nguzo yake kubwa ilikuwa kipa Mkongo Ley Matampi, mtu wa miaka 35 aliyewahi kutwaa CHAN ya 2016. Alimaliza mechi 15 bila kufungwa na kuwa kipa bora wa ligi. Kilichomfaa ni kwamba mbele yake walikuwapo vijana waliozoeana, naye akaingia katika ukuta uliokwisha kujengwa.

Agosti 2024 mwanzo wa msimu ukawa mgumu tena: 5-2 mbele ya Azam katika Ngao ya Jamii, 3-0 ugenini Angola dhidi ya Bravos do Maquis, kisha 0-0 katika marudiano na safari ya Afrika ikaisha. Ouma akaondoka kabla Septemba haijafika, na baada ya wiki chache klabu ikamrudisha Mgunda. Barazani wengine walisema kocha amechelewa kufukuzwa, wengine kwamba amefukuzwa mapema mno.