Na Wengine

Mwezi uliopita nilijipata kwenye grupu la WhatsApp ambalo sikuomba kuingia. Picha ya grupu ni beji ya shule yetu ya upili, ile ya simba aliyefungua mdomo. Tuko mia mbili na kitu, sote tulimaliza kidato cha nne pale, na ajenda ni moja tu: kusimamisha sanamu ya simba getini. Simba wa vyuma na saruji, apakwe rangi ya shaba. Bajeti, laki sita.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaanza kusoma orodha. Kila jioni mweka hazina anaituma. Juu kabisa kuna daktari mmoja aliyeko Texas, elfu hamsini. Wanafuata wa elfu kumi, wa elfu tano. Ikifika elfu moja orodha inakatika, na chini pameandikwa: na wengine.

Mimi ni na wengine. Nilituma mia mbili.

Hayo maneno yamenirudisha kwa stori ya sanamu ambayo sote tunaijua kwa sura. Sanamu ya Uhuru ya New York nusura ikose pa kusimama. Wafaransa walichanga upande wao, wakamlipia yule mama wa shaba. Wamarekani walitakiwa kulipia msingi, yaani lile jengo la mawe lililo chini ya miguu yake. Pesa zikakataa kutoka. Mwaka wa 1884 Grover Cleveland, akiwa gavana wa New York, aliuzima kwa kura ya turufu mswada wa kutoa dola 50,000. Bunge la Washington nalo likagoma kutoa 100,000. Matajiri wa jiji, na walikuwa wengi, wakaangalia kando.

Machi 1885 akaingilia kati Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, mhamiaji kutoka Hungary ambaye alifika Marekani akiwa kijana, Kiingereza kikimpiga chenga. Aliwaambia wasomaji wasingoje mamilionea. Akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Na akachapisha kweli, siku baada ya siku. Darasa la chekechea huko Iowa lilituma dola 1.35. Tarehe 11 Agosti gazeti likatangaza kwamba zimefika dola 102,000, kutoka kwa watu zaidi ya 120,000. Sehemu kubwa ilikuja kwa michango isiyofika dola moja.

Tusimfanye Pulitzer malaika. Mtu akiona jina lake gazetini ananunua gazeti, na shangazi yake pia ananunua. Mauzo yalipanda vizuri sana. Na sanamu ilipozinduliwa Oktoba 1886, wanawake karibu wote walifungiwa nje ya sherehe kisiwani. Watetezi wa haki yao ya kupiga kura wakakodisha boti, wakapiga kelele zao majini. Mama wa shaba anasimamishwa, wamama wa nyama na damu wanazungushwa kwenye maji. Lakini yale majina yalichapishwa. Hilo siwezi kumnyima.

Huku kwetu tulikuwa na ya kwetu. Mwaka wa 1938 Peter Mbiyu Koinange alirudi nyumbani na shahada ya Columbia, hapo hapo New York. Wakikuyu walikuwa tayari wanaendesha shule zao huru, nje ya mikono ya wamisheni, lakini hawakuwa na mahali pa kuwafundisha walimu. Mwaka uliofuata chuo kikafunguliwa Githunguri. Kilichonivutia ni jinsi pesa zilivyopatikana: kwa marika. Rika lako likichanga, rika lingine halikubali kushindwa. Wazee, vijana, kila rika na heshima yake ya kulinda. Wanawake nao walichanga kivyao, na bweni la wasichana likajengwa kwa jasho lao. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Chuo kikafungwa, na mkoloni akapageuza pale kuwa mahali pa kunyongea watu.

Nimekaa na hiyo sentensi siku kadhaa na sijui niifanyie nini.

Baada ya uhuru neno likawa Harambee, na kufikia miaka ya 1970 shule za upili za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Shule yetu ilianza hivyo hivyo. Wazee walioibebea mawe hawako kwenye kibao chochote. Kilichopo getini ni kibao cha mheshimiwa aliyekata utepe. Tunajua harambee iliishia wapi: magunia ya noti, kamera, mhesh akitoa pesa ambazo mshahara wake hauwezi kuzieleza. Ilibidi vijana waingie barabarani ndipo rais, Julai 2024, akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo.

Na mimi nilifanyiwa harambee. Nilipoitwa chuo kikuu, Mama aliweka viti kwenye uwanja wetu, akakodisha spika. Majina yote yako kwenye daftari la mraba, kwa mwandiko wake. Mama Wanjiku wa mboga, hamsini. Fundi wa baiskeli, mia. Kuna mtu ameandikwa tu "mgeni wa Baba Kevo", ishirini. Nilitoka chuoni mwaka wa pili, karo imenishinda, na daftari bado liko juu ya kabati. Nikienda nyumbani napishana na watu hao njiani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wananisalimia tu, "Umekuja, mwanangu?"

Kwa hivyo juzi niliandika kwenye grupu: mbona tusiweke majina yote? Mweka hazina akajibu, "Boss, orodha itakuwa ndefu sana." Nikamwambia kuhusu zile 120,000. Mtu akaweka emoji ya kucheka. Mwingine akauliza simba atatazama barabara au atatazama madarasa, na mjadala ukahamia huko mpaka saa nne usiku.

Nimemwandikia pembeni anitumie hao wengine, niwapange mimi mwenyewe. Ameniambia nisubiri mwisho wa mwezi.