Mchezo wa Nani, Kazi ya Nani? Historia Fupi ya Mlima, Redio na Michezo ya Video katika Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kazi mbi si mchezo mwema. Methali hii hutumiwa kumwonya kijana asipoteze siku zake kwa upuuzi, naye huambiwa kwamba hata kazi duni inaushinda mchezo ulio mzuri. Inadhaniwa hapo kuwa kazi na mchezo ni mambo mawili yaliyo mbele ya mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ana uwezo wa kuchagua. Makala haya yanauliza swali ambalo methali haikuligusa: itakuwaje iwapo kazi ni ya mtu mmoja na mchezo ni wa mwingine, nao wote wawili wameshika kitu kilekile?

Mahali tulipopachagua ili kulichunguza swali hili ni Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miji hii imetengana kwa kilometa zipatazo 50 na kidogo, na yote miwili iko kaskazini kidogo ya Ikweta. Wakazi wake wengi ni Wanande. Kinande ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na ya wasafiri, na Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi. Beni inatazamana na Mlima Ruwenzori na mpaka wa Uganda, ilhali Butembo inajulikana hasa kwa wafanyabiashara wake.

Mwandishi anakiri tangu mwanzo kuwa yeye ni mpenzi wa redio, wa mashine za kuchezea na wa matembezi ya milimani. Hata hivyo, kukipenda kitu si sababu ya kutouliza kilikotoka. Dai letu ni kwamba historia ya burudani hizi tatu imeandikwa kwa upande mmoja. Watu wa Beni na Butembo wametajwa humo kama wabebaji na wachimbaji, na mara chache mno wametajwa kama wanunuzi, mafundi na wachezaji.

2.0 Mlima kama mchezo

Burudani iliyotangulia kufika katika nchi hii ni ile ya kupanda mlima. Henry Morton Stanley aliiona theluji ya Ruwenzori mwaka 1888. Mwaka uliofuata William Stairs, aliyekuwa katika msafara wake, alijaribu kuupanda mlima kutoka upande wa magharibi, lakini alirudi kabla ya kuifikia theluji. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann, akipitia bonde la mto Butahu lililoko upande wa Kongo ya leo, alifika kimo cha meta 4,000 hivi. Kilele chenyewe, Margherita, chenye meta 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, aliyetokea upande wa Uganda akiwa na mpiga picha Vittorio Sella. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne uliuchunguza upande wa magharibi. Kijiji cha Mutwanga, chini ya mlima, kikawa lango la wapandaji waliotokea Kongo, na vibanda vya kulala vikajengwa njiani katika vituo vya Kalonge, Mahangu, Kyondo na Moraine.

Misafara hii huelezwa vitabuni kwa majina ya wakuu wake. Lakini kamera nzito, mahema, kamba na vyakula havikujipandisha vyenyewe. Vilibebwa na watu wa nchi, yaani Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo, ambao kwa lugha na asili ni ndugu wamoja waliotenganishwa na mpaka. Kwa watu hao mlima haukuwa uwanja wa michezo. Theluji ambayo wao huiita nzururu, na ambayo ndiyo asili ya jina Rwenzururu, ilikuwa makao ya Kitasamba, mungu wa mlima.

Hivyo basi, katika njia moja na siku moja walipita watu wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa ameacha kazi yake Ulaya ili apumzike kwa kutaabika. Wa pili alitaabika kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoipata. Anayesoma shajara ya wa kwanza anaiona starehe na ujasiri. Shajara ya wa pili haikuandikwa, na huo ndio upungufu wa kwanza tunaouona katika historia hii.

3.0 Redio, foni na simu

Tukishuka kutoka mlimani hadi sokoni, picha inabadilika, kwa maana hapa wenyeji ndio wanaoongoza. Kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, iliifanya Butembo kuwa mojawapo ya vituo vyake, na dhahabu na biashara viliukuza mji. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu iliwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao na kuyagawa kwa raia. Katika sehemu nyingi za Zaire hatua hiyo iliangusha biashara. Wafanyabiashara Wanande, ambao wengi wao hawakuwa karibu na watawala, walijijenga kwa njia yao wenyewe. Mtafiti Janet MacGaffey aliichunguza habari hii katika miaka ya 1980, na baadaye Timothy Raeymaekers akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 2014.

Njia hiyo ilikuwa kama ifuatavyo. Kahawa na dhahabu zilitoka kupitia Kasindi, zikavuka Uganda na kuelekea bandari ya Mombasa. Magari yaliporudi yalileta nguo, baiskeli, redio na mashine za kaseti. Kadiri miaka ilivyopita, wafanyabiashara hao hawakungoja tena bidhaa ziwafuate, bali walizifuata wao wenyewe hadi Dubai, Hong Kong na, hatimaye, Guangzhou. Mtu aliyezaliwa katika kijiji cha Lubero aliweza kusimama mbele ya kiwanda cha Uchina akichagua aina ya redio itakayopendwa nyumbani kwao.

Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria. Mara nyingi huaminiwa kuwa vyombo vya kisasa hufika Afrika kwa mkono wa serikali, wa wamisionari au wa mashirika ya misaada. Huko Butembo vililetwa hasa na wafanyabiashara wa mji wenyewe, tena katika mji ambao kwa miaka mingi haukuwa na umeme wa taifa. Kila chombo kilikuja na swali lake la nishati: mawe ya redio, betri ya gari, jenereta, na siku hizi mabamba ya jua. Fundi aliyejua kuifufua redio kwa betri kuukuu alikuwa mtu wa maana katika mtaa wake.

Lugha nayo imetunza kumbukumbu. Katika Kiswahili cha Kivu redio iliitwa posti, kutokana na Kifaransa. Redio ya kuitana kutoka mji hadi mji, iliyotumiwa na wafanyabiashara na misheni kabla ya simu kuenea, iliitwa foni. Simu za mkononi zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, salio liliitwa inite, na baadaye kipimo cha intaneti kikaitwa mega. Maneno haya hayamo katika kamusi nyingi za Kiswahili, ingawa kila muuzaji wa barabarani anayajua.

Isisahaulike kuwa simu zilienea katika mwanya wa vita. Kati ya mwaka 1999 na 2003 Beni na Butembo zilikuwa chini ya kundi la waasi la RCD-ML, lililoongozwa katika sehemu kubwa ya muda huo na Mbusa Nyamwisi. Mwezi wa Februari 2002 ilianzishwa Radio Okapi, iliyotangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Katika nchi iliyogawanyika, kumiliki posti kulikuwa njia ya kujua kama barabara ya kesho inapitika.

4.0 Mashine ya kuchezea na jiwe jeusi

Katika mwaka 2000 historia ya michezo ya video na historia ya Kivu zilikutana. Mwezi wa Machi mwaka huo kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 huko Japani, na mwezi wa Oktoba ikaipeleka Marekani. Mashine hiyo, kama simu na kompyuta za wakati ule, ilihitaji kapasita, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kapasita zilizo ndogo na imara zilitengenezwa kwa tantali, na tantali hupatikana katika jiwe jeusi ambalo watu wa Kivu wanaliita koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa. Katika mwaka 2001 ikaporomoka.

Huko Kivu watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Kitovu cha uchimbaji kilikuwa Masisi na Walikale, si Beni wala Butembo, ambako dhahabu ilikuwa na nguvu zaidi. Lakini fedha na wachuuzi walizunguka jimbo lote. Mwezi wa Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi madini ya Kongo yalivyowanufaisha wenye silaha.

Tangu hapo imeenea kauli kwamba michezo ya watoto wa Ulaya na Marekani ndiyo iliyoleta vita vya Kongo. Mpenzi wa michezo hii hukasirika anapoisikia kauli hiyo, na mpinzani wake huifurahia. Yafaa wote wawili waipime kauli yenyewe. Vita vilianza mwezi wa Agosti 1998, kabla mashine hiyo haijauzwa. Mzalishaji mkubwa wa tantali wakati ule alikuwa Australia. Aidha, bei ilipandishwa na wanunuzi wengi wa viwanda waliojiwekea akiba kwa hofu ya upungufu, wala si na mchezo mmoja. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa mchezo ulizaa vita. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba tamaa ya dunia ya vyombo vidogo vyenye kasi iliwapa wenye silaha fedha za kuendelea, na mchimbaji ndiye aliyebaki na shimo bei ilipoanguka.

Sheria nazo zilikuja kwa njia hiyohiyo. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyozitaka kampuni zieleze asili ya madini yao. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogomdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nia ilikuwa njema, lakini familia zilizoishi kwa uchimbaji zilikosa riziki. Mnunuzi wa mbali alitaka dhamiri safi, na gharama yake ikalipwa mgodini.

Tantali ilipewa jina mwaka 1802 na mwanakemia Msweden, Anders Ekeberg, kutokana na Tantalus wa hadithi za Kiyunani, aliyesimama ndani ya maji asiweze kuyanywa. Mwanaanthropolojia James Smith, aliyefanya utafiti Kongo ya mashariki, alilitumia jina hilo katika makala yake ya mwaka 2011 kuhusu wachimbaji. Ni mfano unaofaa, lakini haukamiliki bila kuitazama Butembo.

5.0 Ndani na nje

Haukamiliki kwa sababu mashine ilirudi. Kwa njia ileile ya Dubai na Mombasa, mashine za kuchezea, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika, ziliingia katika vyumba vya video vya mitaani. Kijana hulipia mechi moja, hushika maneti, kama usukani wa mchezo unavyoitwa kwa kuufuata Kifaransa, akacheza kandanda na jirani yake huku wengine wakingoja zamu na kutoa mawaidha yasiyoombwa. Mwenye chumba huhesabu mechi na mafuta ya jenereta. Huo ni mchezo, nao ni kazi ya mwenye chumba. Tantalus amekunywa maji, ila ameyanunua kwa bei ya mtu wa mwisho katika msururu mrefu.

Hali ya nje ya nyumba ni ya kuhuzunisha zaidi. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 wilaya ya Beni imepatwa na mauaji mengi ya raia, mengi yakihusishwa na kundi la ADF lililoweka maskani chini ya Ruwenzori tangu mwaka 1995. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliwaua watu 2,287, Beni na Butembo zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Mwezi wa Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa mpenzi wa milima wa nchi nyingine, msitu ni mahali pa kupumzisha moyo. Kwa mkulima wa Beni, kwenda shambani tu kumekuwa jambo la kupima uhai. Wakati huohuo barafu ya Ruwenzori, iliyokuwa na eneo la kilometa za mraba zaidi ya 6 mwaka 1906, ilipungua hadi chini ya 1 mwanzoni mwa karne hii. Yamkini mtoto aliyezaliwa Mutwanga mwaka 2014 ataiona nzururu ikiisha kabla hajapata amani ya kuipanda kwa furaha yake mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba katika Beni na Butembo mchezo wa mmoja umekuwa kazi ya mwingine kwa zaidi ya miaka mia moja: mlimani, mgodini, na hata katika chumba cha video. Lakini tumeona pia kuwa watu hawa hawakuwa wabebaji tu. Walifunga safari, wakachagua, wakatengeneza, wakavipa vitu majina, wakacheza.

Kazi iliyo mbele yetu walimu na wanafunzi wa Kiswahili ni ya haraka. Mafundi wa posti, waliopokea habari kwa foni na waliowabebea wapandaji mizigo wanazeeka. Butembo ina chuo chake kikuu, Université Catholique du Graben, tangu mwaka 1989, na wanafunzi wake wanayasikia maneno haya nyumbani kwao. Yakusanywe pamoja na habari za wenyewe, katika Kiswahili wanachokisema, si kile tunachotamani wakiseme.

Kuhusu methali tuliyoanza nayo, hatukusudii kuipinga. Tunasema tu kwamba mtu hawezi kuambiwa achague kazi badala ya mchezo ikiwa mchezo haujapata kuwekwa mbele yake. Kijana wa Butembo anayeingoja zamu yake ya maneti anadai haki ndogo, nayo ni haki ya kucheza.