Chunusi za vijana wetu na chakula: madaktari wamesema nini tangu zama za Ibn Sina



Ndugu wasomaji, mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 16 aliacha kuja madrasa. Nilipokwenda kwao nilimkuta amejifunika uso kwa kitambaa. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa sababu ya chunusi. Mama yake alikuwa amemkataza sambusa, karanga na kila chenye mafuta, na kijana mwenyewe alikuwa akijipaka kwa siri krimu ya kung'arisha ngozi aliyoinunua sokoni. Akaniuliza: "Ustadh, kweli ni chakula?" Sikuwa na jibu, nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Fikra hii ni ya kale sana. Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb mnamo mwaka 1025, aliwafuata Wagiriki katika kuufasiri mwili kwa vimiminika vinne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kwa elimu ile, chakula ndicho kilichozalisha vimiminika hivyo, na vikiharibika, athari yake huweza kujitokeza juu ya ngozi. Kwa hiyo tabibu alianza kwa kuuliza mgonjwa anakula nini. Kitabu hicho kilisomeshwa mpaka katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne nyingi. Nadharia ya vimiminika imeachwa, lakini mazoea ya kulaumu chakula yalibaki. Hata katika karne ya 20 madaktari wengi wa Marekani waliwakataza vijana chokoleti na vyakula vya mafuta.

Mwaka 1969 mambo yakageuka. Watafiti Fulton, Plewig na Kligman waliwapa watu 65 wenye chunusi, baadhi yao wakiwa wafungwa, vipande vya chokoleti kila siku kwa wiki nne, na kwa wiki nne nyingine vipande vinavyofanana navyo visivyo na chokoleti. Hawakuona tofauti. Tangu hapo madaktari wengi wakafundishwa kwamba chakula hakina uhusiano wowote na chunusi, na fundisho hilo likadumu zaidi ya miaka 30.

Lakini tuangalie vizuri. Vile vipande vya kulinganishia navyo vilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na vya chokoleti. Basi jaribio lile liliuliza juu ya kakao tu. Juu ya sukari halikuuliza kitu.

Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walitoa habari za watu wawili mbali mbali. Katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, walichunguzwa watu 1,200, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, na haikuonekana chunusi hata moja. Chakula chao ni viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Miongoni mwa Waache wa Paraguay, watu 115, hali ilikuwa hiyo hiyo. Utafiti huu nao una upungufu wake, kwani watu hao wanatofautiana na watu wa mijini kwa mengi, si kwa chakula peke yake. Hata hivyo uliwaamsha madaktari. Na tuzingatie kwamba nazi ina mafuta mengi!

Mwaka 2005 Clement Adebamowo, daktari wa Kinigeria, pamoja na wenzake, walitumia kumbukumbu za wauguzi wanawake 47,355 wa Marekani, wakaona uhusiano kati ya maziwa waliyokunywa ujanani na chunusi kali. Uhusiano si ushahidi wa sababu, na hapa ilitegemewa kumbukumbu ya miaka mingi nyuma. Mwaka 2007 huko Australia, vijana 43 wa kiume walifuatwa kwa wiki 12. Waliopewa vyakula visivyopandisha sukari ya damu kwa haraka, chunusi zao zilipungua zaidi kuliko za wenzao.

Maelezo ya madaktari ni haya. Sukari ikipanda haraka katika damu, mwili hutoa insulini nyingi. Insulini huamsha homoni nyingine, na hizo huzidisha mafuta yanayotengenezwa na ngozi yenyewe. Vinyweleo huziba, bakteria huzaliana, uvimbe hutokea. Kwa hiyo mafuta ya sambusa hayatoki tumboni yakaja usoni, kama tunavyodhani majumbani. Asili kubwa ni homoni za kubalehe na urithi wa wazazi. Ndiyo maana wawili hula sahani moja, mmoja akatokwa na chunusi na mwingine asitokwe.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kimesema ushahidi bado hautoshi kuifanya lishe kuwa tiba. Basi tusivuke mpaka. Kumpunguzia kijana soda, mandazi ya sukari na mkate mweupe, akapata maharage, mboga na matunda, hakuna madhara, na huenda kukamsaidia. Lakini asinyimwe chakula cha kumkuza, na wala asiambiwe kwamba uso wake ni adhabu ya ulafi.

Zile krimu za kung'arisha ndizo za kuogopwa. Baadhi zina zebaki inayodhuru figo, na nyingine zina dawa za steroidi ambazo zenyewe huleta chunusi. Aoshe uso kwa upole mara mbili kwa siku, asizitumbue, na zikizidi apelekwe kwa daktari, kwani tiba ipo.

Mwanafunzi wangu amerudi. Tulizungumza na wenzake kwanza, kabla ya kuzungumza juu ya chakula. Enyi wazazi, na sisi walimu, dhihaka tunaweza kuizuia leo hii, bila kusubiri utafiti mwingine.

Wabillahi tawfiq.